Kocha Aliyeniletea Sale

Yule kocha nilimsamehe, ndiyo. Kumpenda simpendi, na asije mtu hapa akaniambia ni kitu kimoja.

Nina mgahawa mdogo wa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kando ya barabara inayopanda kutoka Moshi mjini, chini kidogo ya uwanja wa timu yetu. Ukiwa jikoni kwangu unasikia kipenga cha mwamuzi. Jumamosi wanacheza, na Jumapili watu wakitoka kanisani, Walutheri kwa Wakatoliki, wanajazana kwangu kuijadili mechi. Nani alizembea, nani alikosa goli la wazi, mwamuzi ana undugu na nani. Mimi napakua huku nabishana. Mwiko wangu nakorogea mtori, na nikiudhiwa nawanyooshea nao watu usoni, wameshazoea.

Uwanja wetu umelala kwenye mteremko. Huku migombani tambarare utaitoa wapi? Goli moja liko juu upande wa mlima, jingine liko chini upande wa barabara, na mpira ukitoka nje upande huo unaufuata mpaka kwenye mfereji. Tangu nikiwa msichana, timu yetu ikishinda sarafu ya mwamuzi inachagua kitu kimoja tu: kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunashuka. Tunapanda tukiwa na nguvu, wageni wanashuka huku wanacheka. Baada ya mapumziko wanageuzwa, wanapanda wao. Watu wa mabondeni, hasa wale wa mashamba ya mpunga kule Chekereni, kipindi cha pili kikifika katikati unawaona wameshika viuno, midomo wazi. Hapo ndipo beki wetu wa kati anapoubutua mpira mrefu wa kuteremka, unadunda, unakimbia wenyewe, na vijana wetu wanaukimbilia. Mchezo wetu ulikuwa huo. Mzuri, mbaya, ulikuwa wetu.

Beki huyo ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Mama alifariki yeye akiwa bado anavaa kaptura ya shule ya msingi, tukamzika kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo nyuma ya nyumba, na kuanzia siku ile nguo zake nilifua mimi, na viatu vyake vya kwanza vya mpira nilinunua mimi pale sokoni, vya mtumba, kimoja kikubwa kuliko kingine. Sasa ni mtu mzima, ni mpagazi mlimani. Anawabebea wazungu mizigo mpaka kule juu kwenye baridi, anashuka, analala siku moja kama maiti, kesho yake yuko uwanjani. Nusu ya timu yetu ni wapagazi kama yeye. Ndiyo maana wana mapafu yale.

Msimu uliopita tulikosa kidogo tu kupanda daraja. Kamati ikasema tatizo ni kocha, ikamleta huyu. Kijana bado, suti ya mazoezi imepigwa pasi mpaka ina mstari, katokea mbali huko, hata mbege, pombe yetu ya ndizi, alikuwa hajawahi kuonja. Jumapili yake ya kwanza alikuja kwangu, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, mimi akaniita mama, akala mtori akasifia. Nikamwongezea nyama. Nyama ile mpaka leo inaniuma.

Maana alipomaliza kula alifuta mdomo, akasimama, akatangaza sheria yake. Mchezaji asiyefanya mazoezi wiki nzima, Jumamosi hachezi. Awe nani.

Watu wakaweka vijiko chini. Mwenyekiti wa mashabiki, mzee aliyestaafu kwenye chama cha ushirika wa kahawa, akakohoa kwanza. "Kocha," akasema, "vijana hawa ni wapagazi. Mgeni akishalipia kupanda, hangoji mtu amalize mazoezi."

"Naelewa, mzee wangu," kocha akajibu, kwa upole, yaani upole ule wa kuudhi. "Basi wachague."

Wachague! Mtu amekuja juzi, hajui hata kwenda mnadani, anawaambia watoto wa watu wachague kati ya mpira na ugali wao. Nilimnyooshea mwiko palepale. Nikamwambia, "Baba, timu hii ulipokuwa hujazaliwa ilikuwa inacheza." Akatabasamu. Akanishukuru kwa chakula.

Mechi ya kwanza ya nyumbani mdogo wangu alikuwa mlimani, na wenzake wengi tu. Sawa, hilo tulishalijua. Lakini subiri. Sarafu ikarushwa, tukashinda, na kijana aliyepewa ukapteni akamwambia mwamuzi tunaanza kwa kushuka. Kushuka! Muuza nyama wetu, mwenye bucha inayotazamana na mgahawa wangu, alikuwa amesimama karibu nami. Alinishika mkono, akauliza, "Nimesikia vizuri?" Nikamwambia umesikia vizuri, tumeuzwa. Tukafungwa siku ile, tena vibaya, na nilirudi nyumbani nikiwa karibu kufurahi.

Jumapili mgahawa uliwaka moto. Muuza nyama akala kiapo mbele ya watu kwamba yule kocha akikanyaga buchani kwake hapati hata mfupa wa kumtupia mbwa. Mwenyekiti akasema kamati imeleta mtu asiyejua kwamba dunia ina mteremko. Kijana mmoja wa bodaboda peke yake ndiye aliyemtetea. "Mama, mpe muda," akaniambia. "Jamaa ana vitu. Anataka tufunge mapema tukishuka, halafu tukipanda tunaficha mpira. Pasi fupi fupi, posesheni."

"Posesheni italetewa na nani?" nikamuuliza. "Na wewe na pikipiki yako?"

Watu wakacheka, wakanipigia meza. Siku hiyo walikuwa wangu wote.

Basi bwana, wakaanza kushinda. Sitadanganya. Wakishuka wanafunga moja, mbili, na kipindi cha pili wanaupanda mteremko polepole, mpira chini, huyu kampa huyu, huyu karudisha, na wageni wanateremka mbio kuufuata mpira wasiufikie. Ilikuwa inaudhi kuitazama. Ilikuwa inashinda. Na kila waliposhinda, mgahawa wangu ukageuka. Muuza nyama, yule yule wa kiapo, nikamwona anavuka barabara na maini yamefungwa kwenye gazeti, anampelekea kocha. Nikamwita kwa sauti barabara nzima isikie: "Mfupa wa mbwa siku hizi unaitwa maini?" Akajifanya hasikii. Mwenyekiti naye akaanza kusema "tangu mwanzo nilimwona kijana ana kitu." Tangu mwanzo! Nilikuwepo. Nilimpakulia kwa mkono wangu huu akimtukana.

Wanafiki watupu. Mtu akishinda, kila mtu alimjua tangu mwanzo.

Mdogo wangu hakulalamika katika yote hayo. Alikuwa anashuka mlimani, anasikia timu imeshinda bila yeye, anasema "safi sana," anakwenda kulala. Mimi ndiye niliyekuwa silali. Ameichezea timu ile tangu hajaota ndevu, na sasa inaelekea kupanda daraja yeye akiwa amebeba hema la mtu.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumwambia afanye. Ulikuwa msimu wenyewe wa watalii, vijana wanagombea mizigo kwenye geti la mlima, na kiongozi wa kundi lake akampigia simu asubuhi, kesho safari. Mdogo wangu akakataa. Akasema ana mazoezi. Nilikuwa namenya ndizi, nikasikia kila neno, nikasikia na kiongozi anavyofoka upande wa pili. Akaambiwa basi asipige simu tena, nafasi yake ina mtu. Akakata simu, akaniambia, "Dada, wiki hii nzima nipo." Kama mtu aliyepata zawadi.

Wiki nzima akafanya mazoezi. Ukungu, manyunyu, tope mpaka magotini, yeye wa kwanza kufika. Jumamosi nikafunga mgahawa mapema, nikavaa khanga yangu ya mechi, nikapanda uwanjani. Timu ikatoka. Nikahesabu migongo, nikarudia. Hayupo. Kumtafuta, yuko benchi, amevalishwa kizibao kile cha kijani juu ya jezi, anapiga makofi. Mechi ikaanza ikaisha amekaa, na kila wenzake walipofanya jambo zuri alipiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonimaliza.

Kesho yake, Jumapili, kocha akaingia kwangu na mashabiki wake, wanacheka, akavuta benchi akakaa. Bakuli lake lilikuwa mkononi mwangu, limeshajaa. Mdogo wangu alikuwa meza ya pembeni na wachezaji wenzake. Nikamuuliza kocha, mbele ya wote, mtoto wangu alikosa mazoezi siku gani.

"Hakukosa, mama," akasema.

"Sasa?"

"Anabutua sana. Nataka mabeki wanaotuliza mpira. Bado anajifunza."

Anajifunza! Mtu mzima, kaacha kazi kwa ajili yako, na bado anajifunza! Nikalirudisha bakuli lile kwenye sufuria, mtori wote, polepole ili aone. Nikamwambia kwangu hakuna tena chakula cha kocha, na lile sufuria ninalowapikia wachezaji kabla ya kila mechi, bure, tangu zamani, nalo basi, wakapikiwe na hizo pasi fupi. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki, maana nina watu ninaoheshimiana nao kanisani. Nilipogeuka, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu.

Mwenyekiti akasema taratibu, "Mama, mgeni hanyimwi chakula. Kwetu hapa si desturi."

Nikamjibu na yeye kama ana njaa aende buchani.

Siku chache baadaye wakaja wawili, mwenyekiti na muuza nyama, wamevaa makoti kama wanaokuja kuposa. Wakakaa. Wakazunguka na habari za mvua, habari za ng'ombe wangu, mpaka nikawaambia semeni. Mwenyekiti akasema kamati na mashabiki wamekaa, wameona ni vyema nimpelekee kocha sale.

Asiye wa huku nimweleze. Sale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani mwa kihamba na kwenye makaburi ya watu wetu. Ukimkosea mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akiona sale, basi. Hata kama ulimuulia ng'ombe, hawezi kukataa. Akikataa, kosa linahama, linakuwa lake. Mababu zetu walimaliza mambo mazito kwa jani hilo, mambo ya damu. Na hawa wawili wanataka nilipeleke kwa ajili ya mtori! Nimkatie sale yule aliyemkalisha mdogo wangu benchi, kwa kuwa wao wanataka kupanda daraja!

"Tokeni," nikawaambia.

"Mama, tusikilizane," akasema muuza nyama.

"Tokeni na makoti yenu."

Wakatoka. Nilimsimulia mdogo wangu jioni ile tukila, nikidhani atakasirika pamoja nami. Akala, akasema ugali umeiva vizuri. Nikamwambia sisi hatuendi kwa mtu, mwenye kosa ndiye anayekuja. Akaniangalia kidogo. "Kweli dada," akasema, "mwenye kosa ndiye anayekuja."

Haikupita wiki. Asubuhi, mechi ya mwisho iko Jumamosi ile, mechi ya kupanda au kubaki, nipo nje ya jiko nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi. Namwona mwenyekiti anakuja, na nyuma yake kocha, na kocha ameshika kitu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, anatembea kama amebeba yai. Sale. Limefungwa fundo, bado lina umande.

Nikaweka kisu chini. Nikamuuliza, "Unajua hicho ulichoshika?"

"Nimeambiwa, mama," akasema. "Nimeambiwa nikikuletea na ukapokea, hakuna neno tena kati yetu. Nimekukosea. Nimekuja."

Sikutegemea anyooshe maneno vile. Mwenyekiti alikuwa anatazama migomba, anajifanya hayupo, lakini shahidi ni shahidi. Na mimi ni binti wa mama yangu. Ningefanyaje? Nilifuta mikono kwenye khanga, nikasimama, nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikasema, "Nimesamehe." Ndugu zangu, sijawahi kutamka neno gumu kama lile.

Kisha nikafikiri, aa, kumbe mtu huyu kajirudi. Moyo ukanilegea. Nikamuuliza, "Kwa hiyo Jumamosi mdogo wangu anacheza?"

"Hapana, mama. Jumamosi anaanzia benchi."

Alinijibu hivyo, macho kwa macho, na jani lake liko mikononi mwangu! Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akaacha kutazama migomba, akanitazama mimi. Nikaufunga. Nilikuwa nimeshapokea. Hasira yangu yote, niliyoipika muda wote ule, ilikuwa imechukuliwa mchana kweupe, na mwizi amesimama mbele yangu ananipa pole ya kumenya ndizi.

Walipoondoka ndipo nikalitazama lile fundo. Mtu mgeni angefunga vyovyote. Fundo hili lilikuwa limefungwa kwetu, limezungushwa vile mama alivyotufundisha, ila limeelekea upande wa pili. Upande wa mtu anayetumia mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu ni mmoja tu. Nimefungua mafundo hayo maisha yangu yote, kwenye kamba za mbuzi, kwenye viatu, kwenye mizigo. Sikuhitaji kuuliza, lakini nilikwenda nyuma ya nyumba kwa mama. Sale moja kaburini lilikuwa limekatwa jani, kidonda bado kibichi.

Sikumwambia kitu. Jumamosi nilipika sufuria la wachezaji, kwa sababu nimesamehe. Nikapanda uwanjani. Wageni walikuwa wale wale wa Chekereni, wamekuja na ngoma. Tukashinda sarafu, tukashuka, tukafunga moja. Kipindi cha pili tukapanda. Watu walikuwa wananiangalia mimi kuliko mpira, kuona kama nitapasuka. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa, nimeuma ncha ya khanga.

Karibu na mwisho wageni wakaanza kutubana. Mpira wote uko golini kwetu, chini, beki mmoja wa kocha kachechemea. Hapo anatakiwa mtu wa kuubutua juu, mbali, watu wapumue. Kila mtu anajua ni nani. Kocha akageuka kwenye benchi. Mdogo wangu akavua kizibao. Kocha akamtazama, akamwita mwingine.

Mdogo wangu akakivaa tena. Akakaa. Akapiga makofi.

Tukapanda daraja. Watu wakafurika uwanjani, wanalia, muuza nyama anagaragara kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Wakambeba kocha. Na nani amembeba mbele, begani, bega lile lile la mizigo ya watalii? Mdogo wangu. Anaimba mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

Jioni alinikuta nasugua sufuria. Nikamwambia bila kugeuka, "Jani ulikata wewe."

"Mimi, dada."

"Kwa mama."

"Kwa mama. Nilimuomba kwanza."

Nikaacha kusugua. Nikamwambia nilikuwa nampigania yeye. Nikamwambia mtu mwenye akili hampi adui wa dada yake kitu ambacho dada yake hawezi kukikataa.

Akachuchumaa, akachukua upande wa pili wa sufuria, akaanza kusugua. "Dada, benchi nilikuwa naliweza," akasema. "Ile siku ulipourudisha mtori wake sufuriani, wenzangu waliacha kunitazama usoni. Ningekaa benchi mwaka mzima. Kelele zako ndizo zilizonishinda."

Nilisugua sehemu moja mpaka ikang'aa. Halafu nikamwambia, "Kocha nimemsamehe, sina ujanja. Wewe hujaniletea jani."

Akacheka. "Dada bwana," akasema. Mimi nilikuwa sicheki.

Siku hizi amepata kundi jingine mlimani, na akiwa hana safari anafanya mazoezi, na Jumamosi anakaa benchi. Kocha anakula kwangu kila Jumapili, analipa, simwongezei nyama. Kaburi la mama lipo palepale nyuma ya nyumba, na mdogo wangu analipita kila asubuhi akienda kunawa. Masale yamestawi mwaka huu, yameziba njia mpaka inabidi uyasukume kwa mkono upite. Anayasukuma, anapita. Mpaka leo hajanikatia mimi hata jani moja.